Sabuni Inatokea Vipi Hasa? Historia ya Swali Moja na Mkimbizi Aliyelijibu

Wiki hii zamu ya historia ni yangu. Sitaandika habari za wafalme, na vita itapita humu ndani kidogo tu. Nataka kuwapa historia ya swali moja la kemia: mafuta yakikutana na kostiki soda yakawa sabuni, ndani ya sufuria kunatokea nini hasa?

Nimelichagua kwa sababu wanafunzi ninaowasaidia masomo ya jioni wananiuliza sana juu ya ile mishale iliyopinda kwenye kemia ya kaboni. Wanasema: kaka, hii tunakariri tu, au kuna mtu aliwahi kuiona? Swali zuri hilo. Na nimechukua mfano wa sabuni kwa sababu sabuni hakuna wa kutuelezea. Tunapanga foleni kwa ajili yake, na mama zetu wa vikundi wanaitengeneza hapa hapa kwa mawese. Tuanze na kitu tunachokijua kwa mikono.

MWANZO NA MWISHO TUNAVIJUA

Watu wametengeneza sabuni kwa majivu na mafuta miaka mingi sana bila kujua kinachoendelea ndani. Sabuni ilitoka, nguo zikatakata, basi. Mwaka 1779 mfamasia mmoja wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alichemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akapata kimiminika chenye utamu kama sukari. (Siku hizo wanakemia walikuwa wanaonja vitu. Msiwaige.) Kumbe ndani ya mafuta kulikuwa na kitu kingine kimejificha.

Aliyefungua jambo lenyewe ni Mfaransa, Michel Eugène Chevreul. Huyu mzee alizaliwa 1786 akafa 1889, yaani aliishi miaka 102. Mwaka 1823 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mafuta ya wanyama. Alionyesha kwamba mafuta ni asidi za mafuta zilizoshikamana na kile kimiminika kitamu, ambacho yeye alikipa jina la gliserini. Kostiki inavunja ule mshikamano. Asidi za mafuta zinachukuliwa na kostiki zinakuwa sabuni, gliserini inabaki huru.

Chevreul alikuwa mtu wa mizani, na hesabu yake hata sisi tunaweza kuifanya leo. Asidi iliyo nyingi kwenye mawese inaitwa palmitiki. Chukua mafuta yenye asidi hiyo peke yake, palmitini. Gramu 807 za palmitini zinataka gramu 120 za kostiki. Zikimalizana, unapata gramu 835 za sabuni na gramu 92 za gliserini. Jumlisha: zilizoingia 927, zilizotoka 927. Hakuna kilichopotea.

Hapo hapo mnaona kwa nini mama wa kikundi anapima kostiki kwa mizani, hapimi kwa kiganja. Kostiki si kama mwiko unaokoroga halafu unautoa. Kostiki inaliwa kabisa, inakuwa sehemu ya sabuni. Kilo moja ya mawese ya kawaida inakula karibu gramu 140. Ikizidi, inayobaki inababua ngozi. Ikipungua, mafuta yanabaki yanateleza juu.

Kwa hiyo kufikia wakati wa Chevreul, mwanzo ulijulikana na mwisho ulijulikana. Katikati palikuwa giza.

SWALI AMBALO MIZANI HAIWEZI KULIJIBU

Hebu tuingie katikati. Pale asidi ya mafuta inaposhikana na gliserini, kuna atomu moja ya oksijeni imekaa kama daraja. Upande mmoja wa daraja kuna kaboni ya asidi, upande wa pili kuna kaboni ya gliserini. Muungano wa namna hii unaitwa esta. Molekuli moja ya mafuta ina madaraja matatu kama hayo.

Sasa kostiki inakuja. Inapokuwa ndani ya maji inaachia kitu kidogo chenye oksijeni moja na haidrojeni moja, chenye chaji hasi. Wanafunzi mnakijua, ni haidroksaidi. Daraja linakatika. Swali: linakatikia upande gani?

Njia ya kwanza: linakatika upande wa asidi. Oksijeni ya daraja inaondoka na gliserini, na oksijeni iliyokuja na kostiki inaingia kwenye asidi.

Njia ya pili: linakatika upande wa gliserini. Oksijeni ya daraja inabaki na asidi, na ile ya kostiki inaingia kwenye gliserini.

Tazameni vizuri. Kwa njia yoyote ile, mwishoni asidi ina oksijeni zake na gliserini ina zake. Sabuni ni ile ile. Gliserini ni ile ile. Uzito ni ule ule, hata gramu haibadiliki. Mizani ya Chevreul, pamoja na uzuri wake wote, haiwezi kukuambia ni njia gani. Unaweza kupima miaka 100 usijue.

Ni kama madumu ya njano kwenye foleni ya bomba. Yako 60, yote njano, yote lita 20. Asubuhi yako mbele ya bomba, jioni yamo majumbani. Ukiulizwa dumu la nne kwenye foleni limeingia nyumba gani, utajuaje? Yote yanafanana. Oksijeni nazo zinafanana hivyo hivyo.

Wanakemia wa Uingereza walikuwa wameshaanza kuchora majibu. Mwaka 1922 Robert Robinson na mwenzake William Kermack walitoa maandishi yaliyotumia mshale uliopinda kuonyesha elektroni zinahama kutoka wapi kwenda wapi. Mishale ile ile inayowasumbua wanafunzi wetu. Lakini mshale ni dai. Mtu anasema: mimi nadhani inakwenda hivi. Ukichora mshale kwa njia ya kwanza unapendeza, ukichora kwa njia ya pili unapendeza pia. Karatasi inakubali yote. Ulihitajika ushahidi, na ushahidi ulitoka kwa mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza nchi.

MTU WA BUDAPEST

Anaitwa Michael Polanyi. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1891, kwenye familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari, na vita ya kwanza ya dunia ilimkuta akiwa daktari wa jeshi. Mwaka 1919 aliondoka Hungaria, nchi ikiwa kwenye machafuko, akaenda Ujerumani. Huko akaacha udaktari akashika kemia. Akapata kazi Berlin, kwenye taasisi za utafiti za Kaiser Wilhelm, akawa mtu mwenye jina.

Berlin alifanya kazi na kijana mmoja kutoka Marekani, Henry Eyring. Eyring alizaliwa Meksiko mwaka 1901, na familia yake ilikimbia kutoka huko mwaka 1912 wakati wa mapinduzi, yeye akiwa mtoto wa miaka 11. Mwaka 1931 hawa wawili walitoa kitu kipya: ramani ya mmenyuko. Walichora nishati ya atomu kama unavyochora milima na mabonde. Vitu vinavyoanza viko bonde hili, vinavyotokea viko bonde lile, na katikati kuna mlima. Mmenyuko ni safari ya kuvuka, na atomu nyingi zinapita pale mlima ulipo chini zaidi. Mimi nikisoma hilo huwa nacheka kidogo. Watu wawili walioyaacha makwao ndio waliokaa chini kuchora njia ya kuvuka mlima.

Januari 1933 Hitler akashika serikali. Aprili mwaka huo huo ikatoka sheria ya kuwaondoa Wayahudi kwenye kazi za serikali, wakiwemo walimu wa vyuo vikuu. Polanyi akajiuzulu, akachukua familia yake wakahamia Manchester, Uingereza, ambako chuo kikuu kilimpa kazi. Alikuwa na miaka 42, na hiyo ilikuwa mara ya pili kuanza upya kwenye nchi ngeni.

Hapa niseme neno kwa ndugu zetu wa mashirika. Mwaka huo huo wa 1933 Waingereza waliunda chombo cha kuwasaidia wasomi waliofukuzwa, kikaitwa Academic Assistance Council, na mwanafizikia Ernest Rutherford akawa rais wake. Kazi yake ilikuwa kuwapa wasomi hao fedha za kujikimu na kuwatafutia nafasi vyuoni, ili waendelee na kazi waliyokuwa wanaijua. Chombo hicho kipo hadi leo, sasa kinaitwa Cara. Chakula na hema ni lazima, hatukatai. Lakini angalieni kinachotokea mtu akipewa na meza ya kazi.

DUMU LENYE ALAMA

Miaka michache kabla, mwaka 1929, Wamarekani wawili huko California, William Giauque na Herrick Johnston, waligundua kwamba oksijeni hazifanani zote. Nyingi zina uzito wa 16, lakini kama 2 katika kila 1,000 zina uzito wa 18. Tabia yake kwenye kemia ni karibu sawa na ya zile nyingine, ila ni nzito. Sasa mmeshaelewa ninakokwenda. Hili ni dumu lililofungwa kitambaa chekundu. Linachota maji kama mengine, lakini jioni ukipita majumbani utalitambua.

Mwaka 1934 Polanyi na mwenzake A. L. Szabo, wakiwa Manchester, walichukua maji yaliyoongezwa oksijeni nzito. Hawakutumia mafuta ya kupikia, maana yana madaraja matatu na yangewachanganya. Walitumia esta rahisi yenye daraja moja, amili asetati, ile yenye harufu kama ya ndizi mbivu. Ikivunjwa inatoa asidi ya siki na alkoholi. Alkoholi hapo inasimama mahali pa gliserini.

Ndani ya maji, haidroksaidi na maji yanabadilishana haidrojeni kila wakati, kwa hiyo oksijeni nzito inaifikia haidroksaidi nayo. Alama ikawa imewekwa kwa yule mgeni anayekuja kuvunja daraja. Lililobaki ni kusubiri mmenyuko uishe na kuuliza: alama imeingia nyumba gani?

Kama njia ya pili ndiyo ya kweli, oksijeni nzito ingeonekana kwenye alkoholi. Wakaitenga alkoholi, wakapima. Ilikuwa ya kawaida. Alama haikuwamo. Basi daraja linakatika upande wa asidi, na alkoholi inaondoka na oksijeni yake ya zamani. Njia ya kwanza.

Swali lililoishinda mizani lilijibiwa kwa kuweka alama moja mahali pamoja. Hakuna aliyeona molekuli ikivunjika. Waliziweka njia mbili kwenye hali ambayo lazima moja ishindwe, halafu wakasoma matokeo.

Mwaka 1938 Irving Roberts na Harold Urey, kwenye Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitembea njia hiyo kwa kurudi nyuma. Badala ya kuvunja esta waliitengeneza, wakichanganya asidi ya benzoiki na methanoli yenye oksijeni nzito. Mmenyuko huo unatoa maji pembeni. Maji yakawa ya kawaida, alama ikabaki ndani ya esta. Maana yake oksijeni ya alkoholi haikuachana na kaboni yake. Ushahidi wa pili, kutoka upande mwingine, ukakubaliana na ule wa kwanza.

KITUO CHA NJIANI

Lakini historia haikuishia hapo. Kujua daraja linakatikia wapi bado si kujua safari yote. Je, mgeni anaingia na wa zamani anatoka kwa wakati mmoja, kama watu wawili wanaopishana mlangoni? Au mgeni anaingia kwanza, wanakaa wote ndani kwa muda mfupi, halafu mmoja anatoka?

Kwa hili tena mwisho ni ule ule. Mmarekani Myron Bender ndiye aliyelishughulikia, mwaka 1951. Safari hii alama aliiweka kwenye esta yenyewe, na hakuiweka kwenye daraja. Aliiweka kwenye ile oksijeni nyingine ya upande wa asidi, iliyoshikwa na kaboni kwa bondi mbili. Ukitazama mwanzo na mwisho tu, oksijeni hii inaonekana haihusiki. Ipo mwanzo, ipo mwisho. Akaweka esta hiyo kwenye maji ya kawaida, mmenyuko ukaanza.

Akafanya jambo la akili: hakusubiri uishe. Aliusimamisha katikati, akachukua esta ambayo ilikuwa bado haijavunjika, akaipima. Kumbe ilikuwa imepoteza sehemu ya oksijeni yake nzito! Esta inaonekana haijaguswa, lakini imeguswa. Mgeni alishaingia, akakaa, na mara nyingine akatoka aliyekuwa mwenyeji.

Ingekuwa ni kupishana mlangoni tu, hilo lisingetokea. Lazima kuna kituo cha njiani, hali ambayo kaboni imeshikana na majirani wanne: oksijeni ya mgeni, oksijeni ya alama, oksijeni ya daraja na ule mkia wa asidi. Zile oksijeni mbili za kwanza zikipata nafasi ya kupeana haidrojeni, zinakuwa sawa. Hapo safari ikirudi nyuma, yoyote kati yao inaweza kutoka. Ikiendelea mbele, daraja ndilo linaloondoka, na unapata asidi na alkoholi. Kwenye sufuria ya sabuni ile asidi inapokonywa haidrojeni yake papo hapo na kuwa chumvi, na chumvi hiyo haina hamu ya kurudi. Ndiyo sabuni.

Kwa hiyo wanafunzi, mkichora ule mshale wa haidroksaidi kuelekea kwenye kaboni, na ule wa pili unaofungua bondi ya oksijeni, jueni kila mshale una umri wake na ushahidi wake. Na msidhani sheria ni moja kwa esta zote. Kuna esta ambazo upande wao wa alkoholi una kaboni iliyozungukwa na kaboni nyingine tatu. Hizo, ukitumia asidi badala ya kostiki, zinakatika upande wa pili. Aliyekariri anakwama hapo. Aliyejua jinsi swali linavyoulizwa anauliza upya.

TUNACHUKUA NINI HAPA

Sisi hatuna maabara, wala oksijeni nzito. Lakini kilichofanyika 1934 ni namna ya kufikiri zaidi kuliko ni kifaa, na hiyo haitaki umeme. Ukiwa na maelezo mawili yanayofikia mwisho ule ule, usibishane ni lipi tamu. Tafuta mahali ambapo yanatofautiana, weka alama hapo, uangalie.

Nawaambia vijana, na kwa heshima nawaambia pia wanaotuandikia ripoti. Kikundi cha sabuni kilipata mafunzo mwezi wa tatu, mwezi wa nane mauzo yamepanda. Mwanzo umeandikwa, mwisho umeandikwa. Lakini je, ni mafunzo? Au ni bei ya kostiki iliyoshuka? Au ni barabara iliyokauka, wanunuzi wa kijijini wakaweza kufika? Njia tatu, mwisho mmoja. Ukikosea njia, mwakani utarudia kitu kisichofanya kazi na utaacha kile kilichokuwa kinatusaidia. Waulizeni kina mama mapema, katikati ya safari, kama Bender. Msisubiri mwisho.

Na sisi wenyewe tunajulikana hivyo hivyo kwenye makaratasi. Ulitoka wapi, ulifika lini. Katikati haimo. Haimaanishi hapakutokea kitu.

Polanyi baadaye aliiacha kemia akaingia kwenye falsafa, akaandika juu ya namna binadamu anavyojua mambo. Alifariki 1976. Mtoto wake John alizaliwa Berlin mwaka 1929, kwa hiyo alifika Uingereza akiwa bado mtoto mdogo. Alikulia na kusoma Manchester, kisha akawa mwalimu Toronto, Kanada. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na wenzake wawili. Kazi yao ilikuwa nini? Kuchunguza jinsi mmenyuko unavyokwenda hatua kwa hatua, atomu zinapogongana na kuachana. Swali la baba, kwa vyombo vipya.

Sisemi kila mmoja wetu atakuwa Polanyi. Yule alikuwa na jina na marafiki kabla hajakimbia, na mlango ulifunguliwa haraka. Wengi wa siku zile hawakufunguliwa. Ninachosema ni kwamba swali alilokuwa nalo Berlin aliingia nalo Manchester, na hakuna mpaka uliomnyang'anya.

Sasa kazi yenu. Tuseme mtu anakupa esta ambayo oksijeni ya daraja lenyewe ndiyo nzito, na maji na kostiki ni vya kawaida. Ukitengeneza sabuni, alama utaikuta wapi, ndani ya sabuni au ndani ya gliserini? Na kwa nini? Chukueni karatasi, chora madaraja, jadilianeni kwenye vikundi. Anayejibu aeleze na njia, asitaje mwisho tu. Jumamosi tukikutana kwenye banda la masomo, mmoja atasimama ubaoni.